Nani Kachukua Jina la Malkia wa Mshono?

Wasomaji wangu, wiki nzima hamkunipa nafasi ya kupumua. Nikienda dukani, "Ikawaje?" Nikikaa kwa kinyozi, wembe uko shingoni, "Halafu ikawaje?" Haya, sogeeni. Tulimwacha mke wa Kimya ameketi juu ya rundo la sponji karakanani, simu mkononi, na simu ikimwonyesha maandishi mekundu: Jina hili limeshachukuliwa.

Wewe uliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, usijione mgeni. Kimya ni fundi makochi. Wamempachika jina hilo kwa sababu akiwa kazini mdomo wake hujaa misumari midogo. Anaitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi na kuipigilia, na anayemsemesha hujibiwa kwa mguno. Yeye huunda fremu, hujaza sponji na kuvuta kitambaa. Kitambaa chenyewe hukatwa na kushonwa na mkewe.

Na huyo mkewe, mtaa mzima hakuna anayejua jina lake. Ni mke wa Kimya tu. Mteja huja, huupapasa mshono kwa kidole, husema "lo, kazi hii!", halafu humpa mkono Kimya.

Jina alilotaka kuliandika asubuhi hiyo lilikuwa jina la ndani. Kimya alimpa enzi za uchumba, walipokuwa na cherehani moja na sufuria moja. Malkia wa Mshono. Alilitunza moyoni kama mtu anavyotunza nguo ya sikukuu, na leo alitaka kuitoa.

"Hebu andika tena," alisema wifi yake. Huyu ni dada mdogo wa Kimya, hana dogo, na ndiye aliyeleta wazo la kuifungulia karakana ukurasa mtandaoni.

Akaandika tena. Wekundu uleule.

"Ongeza 'halisi' mwishoni. Malkia wa Mshono Halisi."

"Niongeze halisi? Kwani mimi ni asali?"

"Basi weka namba. Malkia wa Mshono Mbili."

"Niwe wa pili kwenye jina langu mwenyewe! Wifi, unanitakia mema kweli?"

"Tuandike Kimya Makochi, yaishe. Fupi, inasomeka, mteja haikosei."

"Kimya Makochi iko kwenye kibao cha mlangoni. Iko kwenye risiti. Iko kwenye fulana zake za kazi." Akaikamata simu kwa mikono miwili. "Safari hii nataka mtu ajue nani anashona."

Wifi akaacha utani. Akamnyang'anya simu taratibu.

"Ngoja tumwone huyo aliyekuwahi."

Ukurasa ukafunguka. Picha ya kwanza ilikuwa kochi la mahameli jekundu. Mke wa Kimya hakuhitaji kuambiwa ni la nani. Ile kona ya mkono wa kochi, iliyopindwa kwa ndani ili uzi usionekane, aliibuni yeye kwa kufumua na kushona mpaka vidole vikatoka damu. Na juu ya kona hiyo palikuwa pamelala kiganja cha mtu, laini, kucha ndefu za rangi ya zambarau. Chini yake maneno: Karibuni kwa Malkia wa Mshono.

"Kucha hizo si zako," alisema wifi.

"Naona."

"Zako zimekatika zote."

"Wifi, nimesema naona!"

Akazidi kuteremsha picha. Kochi la kijani, lake. Stuli za saluni, zake. Kiti kirefu cha daktari wa meno, chake, na alikishona akiwa na homa. Na nyuma ya kila kazi yake palining'inia mapazia mazito yenye marinda.

Mawifi wakainua macho kwa pamoja. Wakatazama nje ya mlango, ng'ambo ya barabara. Kwenye kioo cha duka la pili kutoka kona, mapazia yaleyale yalikuwa yamejipanga kwa mapozi.

"Dada Mapazia," alinong'ona wifi.

Dada Mapazia ndiye mwenye duka lile. Mwanamke asiye na mume, manukato yake hutangulia na yeye hufuata. Kwa miezi sasa amekuwa akivuka barabara kila mara, anaingia karakanani, anazungukazunguka, anasema amekuja kuazima mkasi. Kuazima mkasi, mwenye duka la mapazia! Mke wa Kimya alikuwa akimpa mkasi na kumtakia kazi njema. Sasa alijiona mjinga wa kutupwa.

"Wifi, hongera," alisema wifi. "Umepata mke mwenza wa mtandaoni."

Mwenzake hakucheka. Wivu ulimwunguza. Jina lile lilitoka kwenye kinywa kimoja tu hapa duniani. Sasa lilifikaje kwenye kucha za zambarau?

"Kuna video pia," alisema wifi, safari hii kwa sauti ndogo.

Ilikuwa fupi. Kimya ameinamia kochi jekundu, mgongo kwenye kamera, muziki unapiga. Sauti ya kike, tamu, inauliza: "Fundi, basi nijiite Malkia wa Mshono, sawa?" Kimya anajibu: "Mm." Video ikakatika.

Hawakuitazama mara ya pili. Mke wa Kimya aliinuka juu ya sponji na kwenda uani.

Kimya alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti cha zamani, nyundo mkononi, midomo imefumbata.

"Malkia wa Mshono ni nani?"

"Mm."

"Toa misumari."

Akaanza kuitoa. Mmoja kwenye kiganja. Mwingine. Akaufuta mwingine kwenye suruali kwanza. Mkewe alitamani aitikise hiyo shingo imwagike yote kwa mpigo.

"Wewe," alisema Kimya hatimaye. "Nani tena?"

"Na huyu?"

Akamwekea video mbele ya pua. Kimya aliitazama mpaka mwisho. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, na uani palikuwa na kivuli kizuri tu.

"Nilikuwa na misumari mdomoni," alisema.

Hapo, wasomaji wangu, msimcheke. Miguno ya Kimya ni lugha kamili, na mkewe peke yake ndiye aliyehitimu. Mguno mfupi ni ndiyo. Miguno miwili ni hapana. Mguno mrefu unaoshuka mwishoni maana yake ni nimekusikia, niache nifanye kazi. Wasioijua lugha hiyo wamewahi kuumia. Jirani mmoja alimwomba awe mwenyekiti wa kamati ya harusi ya bintiye, akaguniwa, akaenda kutangaza, na Kimya akajikuta anaendesha vikao vya watu asiowajua.

Mke wa Kimya akaisikiliza video tena, akiwa ameiegemeza simu sikioni. "Mm." Kweli, mguno ulishuka mwishoni.

"Kwa hiyo hukusema ndiyo."

"Ningesemaje, mdomo umejaa chuma?"

Kifua kikamshuka. Hata aibu ikamshika kidogo, kwa yale yote aliyokwisha kuyawaza njiani kutoka kwenye sponji mpaka uani. Mume wake hana kosa. Kosa ni la mwizi wa jina.

"Namfuata hukohuko dukani kwake."

"Usiende," alisema Kimya upesi. "Niachie mimi. Nitaongea naye."

"Utaongea naye wewe? Mmezoeana?"

"Nasema tu. Nyinyi wanawake mtagombana bure."

"Tutagombana," alikubali mkewe, akajifunga leso kiunoni vizuri. "Bure ndiyo sijui."

Akavuka barabara. Wifi nyuma yake, simu mkononi, anakimbia huku akisema "subiri, subiri" kwa mtu ambaye hangesubiri chochote.

Dada Mapazia alikuwa juu ya ngazi fupi, tepu ya kupimia imening'inia shingoni, anaingiza pazia kwenye bomba lake. Aliwaona, akatabasamu. Tabasamu lile lilimwongezea mke wa Kimya hasira maradufu. Katikati ya duka, limepambwa, limekaa kama bibi harusi, palikuwa na lile kochi jekundu.

"Karibu, mama. Leo mkasi umekuja kuuchukua wewe?"

"Nimekuja kuchukua jina langu."

Dada Mapazia akashuka kwenye ngazi. Hakubabaika wala hakujifanya haelewi.

"Nilijua siku moja utaliona," alisema. "Jina nililisikia kwa mumeo mwenyewe, nikamwomba, akanipa."

"Hakukupa! Ulimwuliza akiwa na misumari mdomoni. Aliguna. Ule mguno maana yake ni niache nifanye kazi!"

"Misumari gani?"

"Misumari ya kochi! Kwani mahameli inashikwa na mate?"

"Mama, siku ile sikuona msumari hata mmoja."

Mke wa Kimya akacheka kicheko cha mtu aliyekwisha kushinda. Kitambaa cha kochi hili alikishona yeye, lakini siku ya kukipigilia alikuwa kwao, kumwuguza mama yake. Hata hivyo mumewe anamjua. Kochi zima, misumari. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo anavyofanya.

"Wifi, shika upande huo."

"Tunafanya nini?"

"Tunampindua mtu na uongo wake."

Wakalishika kochi, wakalibinua, miguu ikaelekea darini. Mto mmoja ukadondoka na kuviringika mpaka kwenye mapazia. Mke wa Kimya akapiga magoti, akachana kidogo kitambaa cheusi cha chini, akaingiza kidole kwenye ukingo kutafuta vichwa vya misumari.

Hakukuwa na misumari.

Palikuwa na pini. Pini bapa, zimepangwa mstari mzima, zilezile zinazotoka kwenye mashine ya upepo aliyoileta Kimya mwaka huu akasema ni ya kujaribia tu. Mashine hiyo hushikwa kwa mkono. Mdomoni haihitaji kitu.

Akabaki amepiga magoti, kidole kimo ndani ya kochi. Alikuja kumtetea mumewe, na amemfumania kwa mkono wake mwenyewe.

"Ile ya mtandaoni niliikata," alisema Dada Mapazia taratibu. "Video ndefu watu hawatazami. Lakini ninayo yote. Kama hutaki, siiweki."

"Iweke."

Hakukuwa na muziki safari hii. Mashine ya pini ilikuwa inalia tak, tak, tak. "Fundi, basi nijiite Malkia wa Mshono, sawa?" "Mm," alijibu Kimya. Kisha akageuka, uso wake wote ukaonekana, meno yote thelathini na ushei, mdomo mtupu bila chuma wala chembe.

"Chukua tu," alisema Kimya ndani ya simu. "Hilo jina siku hizi halina mwenyewe."

Wifi akaziba mdomo kwa kiganja.

Mke wa Kimya angemkuta mumewe kamshika mtu mkono, angejua la kufanya. Angepiga kelele, angevunja kitu. Lakini hiki? Jina alilolitunza miaka yote, limetolewa bure, tena kwa kicheko.

"Unamtaka mume wangu?" aliuliza. Hakulia. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei.

"Mumeo?" Dada Mapazia alishtuka kweli. "Mwanamume anayejibu kwa kuguna? Mama, mimi nilimwacha mmoja aliyekuwa anatunga mashairi."

"Basi kila siku mkasi wa nini?"

"Nilikuwa nakuja kukutazama wewe. Hiyo kona unavyoipinda. Mafundi wangu wote wameijaribu, imewashinda." Akaketi kwenye ngazi yake. "Nilimwambia mumeo, tuziweke kazi za mkeo mtandaoni, na sura yake, na jina lake, ajulikane. Akaniambia wewe hutaki kuonekana, ila kazi zikiisha akawa anazileta hapa nizipige picha kabla hajazipeleka kwa wenyewe."

"Mimi?"

"Akasema una haya. Akasema hata picha ya harusi uliificha."

"Picha ya harusi iko sebuleni! Imetundikwa juu ya televisheni!"

"Mimi nitajuaje? Sijawahi kuingia sebuleni kwenu." Aliifungua simu upande wa ujumbe, akampa asome mwenyewe. Nani ameshona hili? Mshonaji ni nani jamani? Namtaka huyo huyo aliyeshona. Ujumbe baada ya ujumbe, mingine kutoka mbali. "Nikamwuliza mumeo niwajibu nini. Akasema, waambie fundi ni mimi."

Mke wa Kimya alisoma, na macho yakamjaa. Watu hawa walikuwa wakimtafuta. Miezi yote hii, yeye ameinama kwenye cherehani akidhani hakuna anayemwona, watu walikuwa wakigonga mlango, na mtu mmoja amesimama mlangoni akisema hayupo.

"Njoo ushone hapa kwangu," alisema Dada Mapazia. "Jina nakurudishia leo, na neno la siri nakupa. Sura yako ndiyo ikae pale mbele. Kucha zangu naziondoa."

"Haji."

Ilikuwa sauti ya Kimya. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti, bado ana nyundo. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini, lakini macho yake yalikuwa yamelielekea lile kochi lililobinuliwa, tumbo nje na pini zote hadharani. Hakujisumbua kusema habari za misumari.

"Jina langu halina mwenyewe?" aliuliza mkewe.

"Nilisema ovyo."

"Ulisema ukiwa na mdomo mtupu. Ndiyo siku pekee umewahi kusema maneno yote hayo kazini."

Kimya akaishusha nyundo.

"Wewe hujui inavyouma," alisema. "Karakana nimeifungua mimi. Fremu napinda mimi, mgongo huu hapa haunyooki. Siku usipokuwepo, mteja anaingia, ananiona, ananipita. 'Mama yupo?' Kila mmoja, mama yupo? Mimi ni nani, bawabu?"

"Ndiyo ukampa mwenzangu?"

"Bora yeye. Yeye akisifiwa, anasifiwa huko. Hatulali nyumba moja."

Mke wa Kimya alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Asubuhi yote amekuwa akiungua kwa wivu, kumbe wivu mkubwa kuliko wake umekuwa ukilala naye kitanda kimoja, unakula naye sahani moja, unamwambia usiku mwema. Alimhurumia kwa kitambo kidogo. Angeweza hata kumsamehe, maana maumivu yale aliyajua vizuri. Na kama barabara ingekuwa tupu dakika ile, labda wangerudi nyumbani wakayamaliza.

Lakini Kimya akasukumwa kando ya kizingiti. Akaingia mama mmoja mpana, miwani puani, funguo za gari kwenye kidole, simu imefunguliwa kwenye picha ya kochi jekundu.

"Hodi humu. Mimi ninafungua nyumba ya wageni, nataka makochi ya nyumba nzima," alisema bila kungoja kukaribishwa. "Nimemfuata Malkia wa Mshono. Ni nani kati yenu?"

Dada Mapazia alirudi nyuma hatua moja na kumtazama mke wa Kimya kwa jicho la sema basi.

Mke wa Kimya akafungua mdomo. Maisha yake yote hakuwahi kuitika kwa jina hilo mbele za watu, na ulimi ukachelewa.

Kimya hakuchelewa. Aliinua kidole, akamwonyesha Dada Mapazia.

"Huyu hapa."

"Fundi!" alisema Dada Mapazia.

"Aa, nimefurahi," alisema mgeni. Kisha akaielekeza miwani kwa mwanamke aliyepiga magoti sakafuni karibu na kochi lililopinduliwa, vumbi la sponji kwenye nywele. "Na huyu?"

"Huyo ni mke wangu," alisema Kimya. "Ananisaidia kufagia karakana."

"Kaka!" Wifi alipiga kelele.

Iliuma, jamani. Nisiwafiche. Zile kucha za zambarau ziliuma, na yale maneno ya kwenye video yaliuma, lakini hayo yalisemwa yeye hayupo. Hili limesemwa mbele ya macho yake, na mtu aliyekula jasho la vidole vyake.

Akainuka. Akalishika kochi, akalirudisha kwenye miguu yake peke yake, bila kusaidiwa. Akauokota mto, akaukung'uta, akauweka mahali pake.

"Keti, mama," alimwambia mgeni. Kisha akamgeukia Dada Mapazia. "Ile kazi uliyoniambia. Nimeikubali."

"Unaanza lini?"

"Nimeshaanza." Akamgeukia mgeni tena, na safari hii ulimi haukuchelewa. "Malkia wa Mshono ni mimi. Kona unayoikalia nimeishona mimi, na hakuna mwingine wa kuishona katika mtaa huu. Makochi yako unayataka ya ngozi au ya kitambaa?"

Mgeni aliwatazama mmoja mmoja. Alimtazama Dada Mapazia, ambaye alitikisa kichwa kukubali. Alimtazama Kimya, ambaye alitazama sakafu. Akazungusha funguo kwenye kidole.

"Mimi si mtoto," alisema. "Watu wawili wameniambia mambo mawili, na makochi ni mengi. Nishonee kona moja hapa hapa, nione kwa macho yangu. Ukiweza, kazi yote ni yako. Ukishindwa, nakwenda zangu kwa fundi mwingine."

"Sawa."

"Kwa mashine zangu haiwezekani," alinong'ona Dada Mapazia. "Hizi ni za pazia jepesi. Zikigusa mahameli sindano inakatika."

"Yangu iko pale ng'ambo. Naileta mara moja."

Akageuka kuelekea mlangoni. Kizingiti kilikuwa kitupu. Kimya hakuwepo.

Hakuna aliyemwona akitoka. Lakini kutoka ng'ambo ya barabara ikaja sauti ambayo mtaa mzima huisikia jioni tu, wakati wa kufunga kazi. Mlango wa chuma wa karakana ulikuwa unateremshwa, na jua bado liko utosini. Kisha kufuli, kacha!

Walipotoka nje, Kimya alikuwa ameegemea mlango ule kwa mgongo, mikono kifuani. Cherehani ilikuwa ndani.

"Kafunga," alisema wifi. "Wifi, kaka kafunga, na ufunguo kaweka mfukoni."

"Nina miadi mingine," alisema mgeni kutoka ndani ya duka. "Nasubiri kidogo tu."

Malkia alisimama ukingoni mwa barabara, asijue aombe, avunje, au akae chini. Ndipo alipomwona wifi yake ameingiza mkono kwenye mkoba, anapekua polepole, kama mtu asiyetaka kukipata anachokitafuta. Mkono ukatoka umefumbata. Kati ya vidole kikaonekana kipande cha chuma.

Ufunguo wa akiba wa karakana.

"Dada!" Kimya aliita kutoka ng'ambo, na sauti ilimkatika. "Tumenyonya ziwa moja. Ukimpa huo, usinijue tena."

Malkia alinyoosha kiganja, vidole vimejaa matundu ya sindano, akangoja. Wifi alimtazama kaka yake, akamtazama yeye, na machozi yakaanza kumtoka, lakini ngumi hakuifungua.